DFL: chama cha Minnesota chenye majina matatu

Tarehe 6 Agosti 2024, Kamala Harris alipomtangaza Tim Walz, gavana wa Minnesota, kuwa mgombea mwenza wake, kikundi chetu cha WhatsApp cha ukoo kilichemka. Shemeji aliyeko Dodoma alituma kipande cha habari ambacho pembeni ya jina la Walz kilikuwa na herufi tatu: DFL. Akauliza, "Jamani, huyu si wa Democratic? DFL ni chama gani tena?" Mmoja akamjibu kuwa ni chama kidogo cha upinzani kilichoungana na Democratic kwa ajili ya uchaguzi ule tu. Mwingine akasema ni wakomunisti waliobadilisha jina. Nilimwandikia shemeji mistari mitatu, yakaisha.

Hayakuisha. Mwaka 2025 Minneapolis ilipokuwa inachagua meya, swali likarudi kwa sura nyingine: watu walisoma kwamba DFL imempitisha mgombea, kisha imemnyang'anya, na bado jina lake liko kwenye karatasi ya kura. Inawezekanaje? Safari hii naandika kwa kirefu, maana majibu yote mawili ya siku ile hayakuwa sahihi, ingawa kila moja lilikuwa na chembe ya ukweli ndani yake.

Tuanze na maneno. Ninaposema jimbo hapa sizungumzii jimbo la mbunge. Nazungumzia moja ya majimbo 50 ya Marekani, kila moja likiwa na gavana wake, bunge lake na sheria zake za uchaguzi. Na vyama vya Marekani havikai kama vyama vyetu, ambavyo makao makuu yakipiga chafya tawi la kijijini linaugua mafua. Vinafanana zaidi na kanisa lenye dayosisi: ni kanisa moja, lakini kila dayosisi ina askofu wake, katiba yake na mkutano mkuu wake. Walutheri wa Iringa watanielewa haraka, kwa sababu dayosisi yao ina urafiki wa miaka mingi na sinodi ya Saint Paul, makao makuu ya Minnesota, urafiki uitwao Bega kwa Bega.

Basi DFL ni dayosisi ya Minnesota ya chama cha Democratic. Jina lake kamili ni Democratic–Farmer–Labor, yaani Democratic, Wakulima na Wafanyakazi. Mbunge aliyeshinda kwa DFL akifika Washington anakaa na Democratic na kuhesabiwa humo. Si chama cha tatu, wala si mshirika wa muda. Ila jina ni refu kwa sababu zamani vilikuwa vyama viwili kweli, na kile chenye wakulima na wafanyakazi ndicho kilichokuwa na misuli.

Kukielewa inabidi turudi kwenye ngano. Mwanzoni mwa karne ya 20, Minneapolis ilikuwa mji wa vinu vya unga kuliko mji mwingine wowote Marekani. Mkulima wa nyanda za magharibi alipeleka ngano yake kwenye ghala lililoko kando ya reli. Mwenye ghala aliipima mwenyewe, akaipangia daraja mwenyewe, akakata uzito wa takataka kwa makadirio yake, kisha akataja bei. Mkulima alikuwa na hiari ya kukubali au kurudi na ngano nyumbani kupitia njia ileile ya matope. Aliyewahi kuuza vitunguu au viazi kwa lumbesa, gunia limefungwa kilemba juu na bei ikabaki ya gunia moja, hahitaji maelezo zaidi.

Mwaka 1915, katika jimbo jirani la North Dakota, mkulima wa kitani aliyefilisika, Arthur Townley, alianzisha umoja ulioitwa Nonpartisan League, yaani ligi isiyofungamana na chama. Madai yake yalikuwa maghala ya umma, vinu vya umma na benki ya umma, ili mkulima awe na pengine pa kwenda. North Dakota walivipata: benki ya jimbo iliyoanzishwa 1919 ipo hadi leo, na kinu cha jimbo bado kinasaga. Mbinu yao ilikuwa ya werevu. Badala ya kuunda chama, waliingia kwenye mchujo, yaani kura ya kumpata mgombea wa chama, wa chama kilichokuwa na nguvu, Republican, wakawasimamisha watu wao humo humo.

Minnesota mbinu hiyo iligonga mwamba. Ilikuwa wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, wakulima hawa wakaitwa wasaliti, na katika kaunti nyingi mikutano yao ikapigwa marufuku. Mwaka 1918 mgombea wao wa ugavana, Charles Lindbergh, baba wa yule rubani maarufu, alishindwa kwenye mchujo wa Republican. Hapo ndipo walipokata shauri kusimama chini ya jina lao pamoja na vyama vya wafanyakazi wa mijini, na Farmer–Labor ikazaliwa. Mwaka 1922 walimpeleka Henrik Shipstead kwenye Seneti ya Marekani.

Mkulima na mfanyakazi si ndugu wa asili. Mkulima anataka ngano ipande bei, na mfanyakazi wa mjini anataka mkate ushuke. Kilichowakutanisha ni kwamba mwenye ghala, mwenye reli, mwenye kinu na mwenye benki walikuwa watu wa meza moja, na wote wawili walikuwa wakiwajibika kwao.

Mwaka 1930 Farmer–Labor ilimpata gavana, Floyd Olson, nami nakiri kwamba ndiye ninayemheshimu kuliko wote katika hadithi hii. Ulikuwa wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, mashamba yakipigwa mnada kila wiki. Februari 1933 Olson alitoa amri ya kusimamisha minada hiyo, na miezi miwili baadaye bunge la jimbo likaipa sura ya sheria: mahakama ziliruhusiwa kumwongezea mdaiwa muda wa kukomboa shamba au nyumba yake. Wakopeshaji walikwenda hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Januari 1934 majaji 5 dhidi ya 4 walisema sheria ya Minnesota ni halali. Jaji mmoja tu angegeuka, familia zile zingetolewa nje.

Mwaka huohuo madereva wa malori wa Minneapolis waligoma. Tarehe 20 Julai lori la mzigo lilitoka chini ya ulinzi wa polisi, na lori jingine lililobeba wagomaji likajaribu kulizuia njia. Polisi wakafyatua bunduki. Watu 67 walijeruhiwa na wawili wakafa. Olson alitangaza utawala wa kijeshi na kuingiza askari wa jimbo mitaani, hatua iliyowaudhi hata wagomaji wenyewe, lakini mwishoni mwa Agosti waajiri walikubali masharti na mji uliokuwa umewafungia milango vyama vya wafanyakazi ukafunguka.

Ilani ya Farmer–Labor ya 1934 ndiyo mzizi wa ile hoja ya ukomunisti. Ilisema wazi kwamba ubepari umeshindwa, ikataka uchumi wa ushirika. Na ni kweli wakomunisti walikuwemo ndani ya chama. Lakini wengi wa waliokuwa wakikipigia kura walikuwa wakulima wa asili ya Norway, Sweden na Ujerumani, waumini wa Jumapili, ambao walichotaka ni mizani ya haki na muda wa kulipa deni.

Olson alifariki kwa saratani mwaka 1936, akiwa na miaka 44. Mwaka huohuo mgombea wa chama, Elmer Benson, alishinda ugavana kwa kishindo, na mwaka 1938 akaangushwa kwa kishindo na kijana wa Republican wa miaka 31, Harold Stassen. Farmer–Labor haikuinuka tena peke yake.

Na Democratic wenyewe walikuwa wapi? Minnesota walikuwa chama cha tatu, kikitegemea zaidi Wakatoliki wa asili ya Ireland na Ujerumani. Kabla ya Franklin Roosevelt mwaka 1932 hakuna mgombea urais wa Democratic aliyewahi kushinda jimbo hilo. Kura za Farmer–Labor na za Democratic zikigawanyika, Republican anapita katikati. Kwa hiyo tarehe 15 Aprili 1944, kwa msukumo wa watu wa Roosevelt waliokuwa wakiuhofia uchaguzi wa mwaka ule, vyama viwili viliungana.

Hapa Mtanzania ana mfano mzuri nyumbani. TANU na ASP ziliungana tarehe 5 Februari 1977, zikavua majina yote mawili na kuvaa jina jipya, CCM. Minnesota hawakuvua. Kila upande uliogopa kumezwa, na jina refu likabaki kama hati ya makubaliano inayosomwa na kila mpiga kura.

Ndoa yenyewe ilikuwa na vita kwa miaka minne ya mwanzo. Mwaka 1946 mrengo wa kushoto, wenye watu wa Benson, uliushika mkutano mkuu. Upande wa pili alikuwepo Hubert Humphrey, meya kijana wa Minneapolis, ambaye pamoja na Orville Freeman walijipanga mtaa kwa mtaa, na kufika 1948 wakawa wameshika chama na kuwatoa wakomunisti na waliowaunga mkono. Kwa hiyo anayesema DFL ni wakomunisti waliobadilisha jina ameigeuza historia kichwa chini miguu juu: chama hiki kilikomaa kwa kuwafukuza. Naona pia, na wengi wa Minnesota wanalisema, kwamba katika fukuza ile waliondolewa hata watu waliokuwa wakulima watiifu wa Olson na si kitu kingine.

Humphrey huyohuyo, Julai 1948, alipanda jukwaani Philadelphia kwenye mkutano mkuu wa kitaifa wa Democratic. Alikuwa na miaka 37. Alikitaka chama kiache kujificha nyuma ya haki za majimbo, yaani hoja kwamba kila jimbo lijiamulie lenyewe, kitetee haki za kiraia za Wamarekani weusi. Wajumbe wa Mississippi na nusu ya wale wa Alabama waliinuka wakatoka ukumbini. Hoja yake ilipita. Novemba akachaguliwa seneta.

Miaka iliyofuata naipitia haraka. Freeman alikuwa gavana wa kwanza wa DFL, akachaguliwa 1954. Humphrey akawa makamu wa rais 1965, akagombea urais 1968 na kushindwa na Nixon. Walter Mondale, naye wa DFL, akawa makamu wa rais 1977. Alipogombea urais 1984 alishinda jimbo moja tu nchi nzima, nalo ni lake, kwa kura 3,761, pamoja na mji mkuu Washington. Tangu 1976 Minnesota haijampa mgombea urais wa Republican ushindi. Lakini msidhani DFL imekuwa ikitawala bila kuguswa: kuanzia 1991 hadi 2011, miaka 20 mizima, haikuwa na gavana hata mmoja. Katika kipindi hicho ilimpoteza pia Paul Wellstone, mwalimu wa chuo aliyeingia Seneti akizunguka na basi bovu la kijani. Oktoba 2002, huku akikabiliwa na uchaguzi mgumu, alipiga kura kuipinga vita ya Iraq. Wiki mbili baadaye ndege yake ilianguka karibu na Eveleth, akafa yeye, mkewe, binti yao na wengine watano.

Sasa ilani. Watu husema "DFL inataka hiki" kana kwamba kuna mzee mmoja ofisini aliyeandika. Ilani ya DFL huanzia kwenye viti vya watoto wa shule. Jumanne moja jioni mwezi Februari, katika mwaka wa uchaguzi, wakazi wa kila mtaa hukutana, mara nyingi darasani au kwenye bwalo la shule, makoti ya baridi yakiwa mapajani. Yeyote kati yao anaweza kuandika azimio kwenye karatasi: kima cha chini cha mshahara kiwe kadhaa, mto fulani ulindwe. Likipita hapo linakwenda ngazi ya wilaya, kisha mkutano mkuu wa jimbo, ambako linahitaji wingi mkubwa kuliko nusu ili liingie. Ndiyo maana ilani yao inasomeka kama kapu la sokoni: haki ya kuunda vyama vya wafanyakazi, shule za umma, matibabu kwa wote, haki ya mwanamke kutoa mimba, nishati safi, kodi kubwa zaidi kwa wenye nacho, na kadhalika. Na haimfungi mbunge. Akiikiuka hakuna anayemnyang'anya kiti. Anaweza tu kukosa uungwaji mkono safari ijayo.

Hilo la uungwaji mkono ndilo linalowachanganya watu kuliko yote. Kwetu Tanzania, wanachama hupiga kura za maoni kwanza, halafu vikao vya juu huketi na kuamua, na aliyeongoza anaweza kukatwa jina. Minnesota ngazi imegeuzwa. Kikao ndicho huanza: wajumbe wa mkutano mkuu wanamuunga mkono mgombea akipata asilimia 60 ya kura zao. Kisha mwezi Agosti wananchi wanapiga kura ya mchujo, na wao ndio wenye neno la mwisho. Wanaweza kumkata aliyepitishwa na kikao.

Na wamefanya hivyo. Mwaka 2010 mkutano mkuu ulimuunga mkono Margaret Anderson Kelliher kwa ugavana. Wapiga kura wakamchukua Mark Dayton. Mwaka 2018 mkutano ulimtaka Erin Murphy. Wapiga kura wakampa Tim Walz. Yaani gavana aliyekuja kujulikana dunia nzima kama sura ya DFL hakuwa chaguo la mkutano wa DFL.

Tena Minnesota hakuna kuandikishwa kwa chama. Siku ya mchujo huulizwi kadi. Unapewa karatasi yenye safu za vyama, unachagua safu moja na kubaki humo. Ukivuka kutoka safu hii kwenda ile, kura za mchujo ulizopiga hapo zinaharibika.

Sasa Minneapolis 2025 inaeleweka. Uchaguzi wa meya pale hauna mchujo wa vyama kabisa. Mpiga kura anawapanga wagombea: wa kwanza, wa pili na wa tatu. Chama kinaweza tu kusema "tunamuunga mkono huyu". Mwezi Julai mkutano wa DFL wa mji ulimuunga mkono Omar Fateh, seneta wa jimbo, mtoto wa wahamiaji kutoka Somalia, dhidi ya meya Jacob Frey, naye pia wa DFL. Agosti kamati ya chama ngazi ya jimbo ikaufuta uamuzi huo, ikisema upigaji kura wa kielektroniki mkutanoni ulikuwa na kasoro kubwa. Alichopoteza Fateh ni muhuri wa chama na orodha zake za wapiga kura. Haki ya kugombea haikutoka kwenye chama, kwa hiyo chama hakikuweza kuiondoa. Novemba Frey alishinda. Uchungu wa wafuasi wa Fateh naujua na ninauheshimu, lakini wanaosema aliondolewa kwenye uchaguzi wanasema kisichokuwepo.

Ukitaka kuona ilani ikigeuka sheria, tazama 2023. Katika uchaguzi wa 2022 DFL ilipata ugavana na mabunge yote mawili, Seneti kwa viti 34 dhidi ya 33. Mjumbe mmoja akiugua, hakuna kinachopita. Kwa wingi huo mwembamba walipitisha ulinzi wa haki ya kutoa mimba, umeme usio na kaboni ifikapo 2040, leseni za udereva bila kujali hali ya uhamiaji, likizo ya uzazi na ugonjwa yenye malipo, na chakula cha bure kwa wanafunzi wote. Hiki cha mwisho kilisainiwa katika shule ya msingi Minneapolis tarehe 17 Machi, na kuna picha ya watoto wamemrukia Walz shingoni, kalamu ikiwa bado mezani. Aliyeliongoza Baraza la Wawakilishi la jimbo wakati ule, Melissa Hortman, aliuawa kwa risasi pamoja na mumewe nyumbani kwao Brooklyn Park tarehe 14 Juni 2025. Kazi ile ilikuwa ya mikono yake kuliko ya mtu mwingine yeyote bungeni.

Zile herufi tatu leo zina hali gani? D imekua hadi inawafunika wenzake. F imekonda. Collin Peterson, mtu wa wakulima wa magharibi, alikaa Congress, yaani Bunge la Marekani, kwa DFL tangu 1991, akaongoza kamati ya kilimo, na 2020 akashindwa. Maeneo yaliyoizaa Nonpartisan League ya Minnesota sasa yanawapa kura Republican. Kaskazini, kwenye migodi ya chuma, ambako kadi ya chama cha wafanyakazi na kura ya DFL vilikuwa kitu kimoja, wachimbaji na wanamazingira wa chama kilekile wanagombana kuhusu migodi mipya, na kura zinahama.

L ndiyo iliyobadilika sura. Mfanyakazi wa 1934 alikuwa dereva wa lori. Nenda Brooklyn Park leo, mji wenye Wakenya wengi, hasa Wakisii, utasikia Kiswahili kwenye foleni ya duka, na wengi wa wanaokisema wanatoka zamu ya usiku kwenye nyumba za kulelea wazee. Sheria za 2023 ziliunda bodi ya kupanga viwango vya mishahara na masharti ya kazi kwenye nyumba hizo. Na Novemba 2024 eneo hilo lilimchagua Huldah Momanyi Hiltsley kuingia Baraza la Wawakilishi la Minnesota, mzaliwa wa kwanza wa Kenya kuingia bunge hilo. Kwenye karatasi ya kura, chini ya jina lake, chama kilikuwa kimeandikwa kwa urefu wake wote, maneno matatu, vilevile kama kilivyoandikwa tangu 1944.